Mintarafu ya Shaba ya Lualaba na Mawimbi ya Elektroni

Katika mwaka wa 1961, wakati bendera yenye misalaba mitatu ya shaba ilipokuwa ikipepea juu ya majumba ya serikali ya Katanga iliyojitenga, na askari wa Moïse Tshombe walipokuwa wakipigana na majeshi ya Umoja wa Mataifa katika njia za Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mtaalamu mmoja kijana wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, jina lake Claus Jönsson, alitoa taarifa katika jarida la fizikia la nchi yake kwamba amepitisha elektroni katika mianya miwili, mitatu, hata mitano, iliyo myembamba kupita kiasi, nazo elektroni hizo, badala ya kuanguka nyuma ya kila mwanya kama changarawe imwagwapo, zimejipanga katika mistari ya nuru na giza kama ijipangavyo nuru yenyewe. Bamba alilolitoboa mianya hiyo lilikuwa la shaba.

Sidai kwamba shaba ile ilichimbwa katika machimbo ya Musonoi au Ruwe huko Katanga, kwani shaba ikishayeyushwa haina tena kabila wala utani. Ninalolidai ni zito kuliko hilo: kwamba thamani iliyoipata shaba ya Lualaba katika zama za umeme imesimama juu ya tabia ile ile aliyoipiga picha Jönsson, na kwamba kazi aliyoitumia kutengeneza bamba lake ni kazi waliyokuwa wakiifanya wafanyakazi wa kiwanda cha Luilu, nje kidogo ya mji wa Kolwezi, tangu mwaka mmoja nyuma. Tarehe ya shaba huko Katanga aghalabu huandikwa kama tarehe ya makampuni, vita na bei. Mimi nataka kuiandika kidogo kwa upande wa chembe ile isiyoonekana, ambayo bila yake mashimo yale makubwa yasingalichimbwa.

Shaba yenyewe ni ya kale sana katika nchi hiyo kuliko umeme. Wasanga na jirani zao waliifua karne nyingi kabla ya Mzungu kuifikia Lualaba, na padri Mbelgiji Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Katanga, alipoandika habari zao katika mwaka wa 1926, aliwaita kwa lakabu iliyokuwa mashuhuri, yaani walaji wa shaba. Kazi ilikuwa ya kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani: wanawake na watoto wakiokota mawe ya kijani juu ya vilima visivyoota miti, wanaume wakiingia mashimoni kuutafuta mtapo ulio bora, na mafundi wakijenga matanuri kwa udongo wa kichuguu, wakiyajaza makaa ya miti migumu na kuyapuliza kwa mivukuto ya ngozi, ilhali mganga wa kazi akiyazindika kwa dawa zake, maana tanuri lililokataa kutoa shaba lilikuwa ni aibu ya ukoo mzima. Shaba iliyopatikana iliyeyushwa tena na kumiminwa katika kalibu za mchanga zenye sura ya msalaba. Misalaba hiyo imefukuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, katika bonde la Upemba linalopitwa na mto Lualaba, na wataalamu waliochimba huko, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux katika miaka ya 1957 na 1958 na Pierre de Maret katika miaka ya 1970, wamebainisha jambo la kustaajabisha: kwamba baina ya karne ya 13 na karne ya 18 misalaba ilizidi kuwa midogo, na kadiri ilivyopungua umbo ndivyo ilivyozidi kufanana, hata ikawa dhahiri kwamba kitu kilichoanza kama pambo la wakubwa kimekwisha kuwa sarafu.

Baadaye akaja Msiri, mtu wa asili ya Usumbwa katika nchi ya Unyamwezi, akasimamisha dola yake ya Garenganze na mji wake mkuu wa Bunkeya, akafanya tijara ya shaba, pembe na watumwa kwa pande zote mbili, upande wa Benguela na upande wa pwani yetu ya mashariki. Wayeke, watu wake, walikuwa hodari wa kuvuta nyaya za shaba, nyembamba na laini, za kusukia vikuku na kupambia silaha. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 kwa risasi ya Kapteni Omer Bodson, mmoja wa watu wa msafara wa Wazungu ulioongozwa na Stairs, na mwaka uliofuata mjuzi wa miamba Jules Cornet akapita akiandika habari za vilima vya kijani. Tangu hapo mambo yalikwenda mbio: kampuni ya madini ya Union Minière ikaundwa mwaka wa 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville mwaka wa 1910, na mwaka wa 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa kutoka katika tanuri la Lubumbashi. Kolwezi, mji wa kundi la machimbo ya magharibi, ulianzishwa mwaka wa 1937.

Tuuzingatie mwaka huo wa 1937, kwani ndio mwaka ambao Clinton Davisson wa Marekani na George Paget Thomson wa Uingereza waligawana tuzo ya Nobel kwa kuthibitisha kwamba elektroni ni wimbi. Thomson huyu alikuwa mwana wa J. J. Thomson, ambaye mwaka wa 1906, mwaka ule ule wa kuundwa kwa Union Minière, alikuwa amepewa tuzo hiyo hiyo, na umashuhuri wake mkubwa ulikuwa katika kuivumbua elektroni kwa sura ya chembe. Baba alisema chembe, mwana akasema wimbi, na wote wawili wakasadikiwa; katika elimu ya dini jambo kama hilo lingalizusha madhehebu mawili, lakini katika fizikia lilizaa hesabu moja tu.

Hesabu hiyo ilikuwa imeandikwa na Mfaransa Louis de Broglie katika tasnifu yake ya mwaka wa 1924: kila kitu kiendacho kina urefu wa wimbi, na kadiri kitu kilivyo kizito na cha kasi ndivyo wimbi lake lilivyo fupi. Miaka mitatu baadaye Davisson na mwenzake Lester Germer walikuwa wakipiga elektroni za volti 54 juu ya kipande cha nikeli, ambacho kwa ajali ya maabara na moto wa kukisafisha kilikuwa kimegeuka fuwele kubwa, wakaona kwamba elektroni zinaruka kwa wingi katika pembe moja mahususi, pembe ile ile iliyotakiwa na hesabu ya de Broglie. Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo, wajuzi wakubwa wa fizikia wa ulimwengu walikutana Brussels, katika mkutano wa Solvay, wakajadiliana kwa siku sita juu ya elektroni na nuru. Einstein alikuwapo, na Bohr, na de Broglie mwenyewe, na Marie Curie, ambaye jina la ukoo wake wa Kipolandi lilikuwa limekwisha kupewa jiwe moja la manjano la machimbo ya Shinkolobwe, huko huko Katanga. Brussels hiyo ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Union Minière. Katika mji mmoja, basi, mlikuwa na watu walioijua shaba kwa tani na watu walioanza kuijua kwa mawimbi, na sina dalili kwamba walitembeleana.

Laiti wangalitembeleana, wangaliona kwamba wana haja moja. Maana wenye shaba walikuwa wakiuza nini? Misalaba ilikuwa imekwisha kupoteza soko. Dunia ilitaka nyaya: nyaya za simu, za taa, za mota na jenereta, na kila mnunuzi alitaka shaba iliyo safi, tena safi kuliko alivyowahi kutaka mfua vikuku yeyote wa Bunkeya. Kwa nini usafi? Masala haya hayakuwa na jawabu timamu hata mwaka wa 1928. Mjerumani Paul Drude alikuwa amefundisha tangu mwaka wa 1900 kwamba elektroni hupita ndani ya metali kama vigololi, zikigongana na kila atomu ziliyokutana nayo. Lakini kwa fikra hiyo ilikuwa muhali kueleza jinsi elektroni inavyoweza kuzipita atomu mia na zaidi za shaba, zilizosongamana bega kwa bega, bila ya kugonga hata moja. Ndipo Felix Bloch, kijana wa Kiswisi aliyekuwa akisoma Leipzig, alipoonyesha kwamba wimbi liingialo katika atomu zilizopangwa kwa mpango usiobadilika halizuiwi na atomu hizo. Hupita katikati yake, hujirekebisha kwa mpango huo, na kuendelea. Kinachoizuia elektroni ni kile kinachouvunja mpango: mtikisiko wa joto, na uchafu. Atomu ngeni za fosforasi au chuma, hata zikiwa sehemu 1 tu katika 1,000, huondoa sehemu kubwa ya uwezo wa shaba kupitisha umeme, kwa kuwa kila mgeni mmoja hulitawanya wimbi lililokuwa likisafiri kwa amani.

Hiyo ndiyo siri ya bei. Fundi wa Kisanga aliipenda shaba kwa rangi na kudumu kwake. Mnunuzi wa karne ya 20 aliilipia kwa sababu elektroni ni wimbi na shaba safi ndiyo njia yake nyofu, hata kama yeye mwenyewe, akitia sahihi hati ya mauzo, hakuwa na habari ya wimbi lolote.

Kusafisha shaba kwa moto peke yake kulikuwa hakutoshi, na kwa hiyo Union Minière iliweka kiwanda cha kutoa shaba kwa umeme huko Shituru, Jadotville, ambayo leo ni Likasi, katika mwaka wa 1929, kisha kingine kikubwa huko Luilu, karibu na Kolwezi, kilichoanza kazi mwaka wa 1960, mwaka wa uhuru. Mtapo husagwa na kuloweshwa katika asidi ya salfa, shaba ikatoka katika jiwe na kuingia katika maji, nayo maji yakawa ya buluu. Kisha maji hayo huingizwa katika mabirika marefu ambamo mabamba hutundikwa kwa safu, mkondo wa umeme ukapitishwa, na shaba ikajishikiza kidogo kidogo juu ya bamba la kathodi mpaka likawa zito la kuinuliwa kwa winchi. Katika viwanda vya aina hiyo vya wakati ule, kathodi ilianzia katika karatasi nyembamba ya shaba iliyooteshwa kwanza juu ya bamba jingine kwa siku moja hivi, kisha ikabanduliwa kwa mkono. Kubandua huko kulitaka ustadi, maana karatasi ikipindika, kathodi nzima hukua vibaya na kugusana na jirani yake.

Humo birikani elektroni haionyeshi uwimbi wake hata kidogo. Humo huhesabiwa: kila atomu ya shaba iliyo majini hudai elektroni mbili, si moja wala tatu, ndipo ikubali kuwa metali. Tani moja ya shaba, kwa hesabu hiyo, hudai elektroni ambazo idadi yake ni 19 ikifuatwa na sifuri 27, na kuzisukuma zote hizo kunakula takriban saa-kilowati 2,000 za umeme. Nguvu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika mto wenyewe. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyoitwa zamani Delcommune na Le Marinel, yaliyojengwa juu ya Lualaba katika miaka ya 1950, ndiyo yaliyoitia nguvu Kolwezi. Na mto uliokuwa ukiyapita makaburi yenye misalaba ukawa sasa unageuza mashine ili misalaba ya namna nyingine, mipana na mizito, ioteshwe majini.

Sasa turudi Tübingen, tuone alivyofanya kazi Jönsson, kwani asomaye habari za Luilu ataitambua kazi yake mara moja. Alichukua kioo, akakipaka utando wa fedha ulio mwembamba kiasi cha nanomita 20. Kisha, ndani ya chombo kisicho na hewa, aliuelekezea utando huo mwali wa elektroni ulioumbwa kama uzi, na kila mahali mwali ulipokaa, mvuke wa mafuta uliobaki chomboni uligandamana ukawa ukoko usiopitisha umeme. Kisha akakitumbukiza kioo katika birika na kuotesha shaba juu yake kwa umeme, kama waoteshavyo Luilu. Shaba ikajishikiza kila mahali isipokuwa pale penye ukoko. Kisha akaibandua shaba ile, kama wabanduavyo wenye karatasi za kathodi, na mkononi mwake akabaki na bamba jembamba lenye mianya mitupu, kila mmoja una urefu wa mikroni 50 na upana wa mikroni 0.3, na kutoka mwanya mmoja hadi wa pili mikroni 1. Mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Katika ustadi wote wa mfua shaba, tangu kalibu za mchanga za Wasanga hata leo, mimi sijui kazi iliyo nyembamba na ya heshima kuliko hii.

Elektroni alizozipitisha zilisukumwa kwa volti 50,000, na kwa kasi hiyo wimbi lake ni fupi mara arubaini na zaidi kuliko nafasi iliyopo baina ya atomu mbili za shaba. Mwenye kutaka kufahamu kilichotokea na asimame ukingoni mwa ziwa la Nzilo pale ambapo viwimbi hupita katika mianya miwili ya matete: kila mwanya hutoa mawimbi yake yatandaayo kwa duara, na yakutanapo, mahali pengine kilele huangukia kilele na maji huinuka maradufu, mahali pengine kilele huangukia bonde na maji hutulia. Hivyo ndivyo zilivyofanya elektroni. Lakini kwa ufupi wa wimbi lake, hata katika umbali wa mita moja mistari hiyo isingalitengana ila kwa sehemu tano hivi za milioni ya mita, na kwa sababu hiyo Jönsson alilazimika kuikuza kwa lenzi za umeme kabla ya kuipiga picha. Watu wengine walimfuata: Waitalia wa Bologna katika mwaka wa 1974 na Wajapani wa Hitachi, chini ya Akira Tonomura, katika mwaka wa 1989, walionyesha kwamba hata elektroni zikipelekwa moja moja, kila moja ikianguka peke yake kama nukta, mistari ile ile hujengeka polepole. Chembe inapofika, wimbi inaposafiri. Katika mwaka wa 2002 wasomaji wa jarida moja la fizikia la Uingereza waliulizwa ni jaribio gani lililo zuri kuliko yote, wakalichagua hilo la elektroni na mianya miwili. Na huenda wengi wao hawakulijua jina la Jönsson, seuze habari ya shaba yake.

Huenda msomaji akauliza, ikiwa kila kitu ni wimbi, mbona msalaba wa shaba haupindi upitapo mlangoni? Hesabu ya de Broglie inajibu bila taabu. Msalaba wa kilo moja uendao kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde una wimbi ambalo urefu wake, ukiandikwa kwa mita, huanza kwa sifuri 33 baada ya nukta kabla ya tarakimu ya kwanza kutokea. Na mlango wa kulichepusha wimbi kama hilo haupo na hautajengwa.

Liko jambo jingine ambalo Kolwezi imelipokea kutoka kwa elimu hii ya mawimbi, nalo ni majina. Tangu Max von Laue mwaka wa 1912 na Bragg, baba na mwana, walipojua kuyasoma mawe kwa kupitisha miale ya eksirei katika fuwele zake na kuipima pembe zake za kuchepuka, jiwe aghalabu halikubaliwi kuwa ni jipya mpaka fuwele zake zimepimwa hivyo. Machimbo ya Musonoi yalikuwa hazina ya mawe mapya: guilleminite na demesmaekerite katika mwaka wa 1965, marthozite mwaka wa 1969, oosterboschite mwaka wa 1970, derriksite mwaka wa 1971. Yatazame majina hayo. Marthoz alikuwa mkurugenzi mkuu wa Union Minière, Demesmaeker, Derriks na Oosterbosch walikuwa watu wa kampuni hiyo hiyo, Guillemin alikuwa mjuzi wa Ufaransa. Aliyelipasua jiwe kwa nyundo hakuingia katika daftari. Baadaye Michel Deliens na Paul Piret wa Ubelgiji walikuwa na insafu zaidi, wakayapa mawe majina ya mahali: kolwezite mwaka wa 1980, la shaba na kobalti, kamotoite mwaka wa 1986, na shabaite mwaka wa 1989, kwa heshima ya jimbo la Katanga, lililokuwa likiitwa Shaba katika enzi ya Mobutu.

Mwaka huo wa 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti, ambayo atomu zake zimelala kwa matabaka, inaweza kuwa kathodi ya betri, na kwa hilo kobalti iliyokuwa ikiandamana na shaba kama mtumishi ikawa bibi wa nyumba. Kongo leo hutoa takriban sehemu 70 katika 100 ya kobalti ya ulimwengu, na nyingi yake hutoka katika jimbo la Lualaba. Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, tangu mwaka wa 2014 watu wamechimba chini ya sakafu za nyumba zao wenyewe wakiifuata. Anayeteremka katika shimo la Kasulo huuza jiwe lake kwa jicho na kwa kipimo cha mnunuzi, naye mnunuzi ndiye aliye na mashine ya kujua kilichomo ndani yake. Katika biashara ambayo upande mmoja unalisoma jiwe na upande wa pili unalibeba tu, haki ya bei haiwezi kupatikana.

Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka wa 2018 imetenga sehemu 10 katika 100 ya mrabaha wa madini iwe mfuko wa vizazi vijavyo, nayo imelipatia jimbo sehemu 25 na mamlaka za mahali sehemu 15. Nawaomba wenye dhamana ya fedha hizo watoe katika mafungu hayo gharama ya mashine za kusomea fuwele kwa mawimbi, za eksirei na za elektroni, ziwekwe mjini Kolwezi penyewe, katika nyumba iliyo wazi kwa mwanafunzi na kwa mchimbaji wa Kasulo, na wafundishwe vijana wa huko kuzitumia kwa lugha wanayoifahamu, ili jiwe jipya litakalotoka Musonoi au Kamoto lisomwe, liandikwe na lipewe jina kabla halijapakiwa katika lori.